Povu la Sabuni Halikuonyesha Kitu

Nililipaka povu la sabuni kwa brashi ndogo pande zote nne za flanji, yaani bapa la chuma linalounganishia mabomba, nikasogeza tochi, nikasubiri. Hakikutokea hata kiputo kimoja. Mshale wa geji ya presha ulikuwa umetulia palepale nilipouacha nusu saa kabla. Nikashuka kutoka nyuma ya dishi, nikafungua daftari la kituo na kuandika: "Gasketi imebadilishwa. Haivuji." Ndio kwanza nilikuwa natimiza mwaka kazini, na maneno yale matatu yaliniridhisha sana.

Kituo chetu kilikuwa kinarusha mawimbi kwenda kwenye setilaiti kwa masafa ya kati ya gigahezi 5.925 na 6.425, na kupokea kwa 3.7 hadi 4.2. Nguvu ya kurusha haikupita kwenye kebo, maana kebo ingemeza sehemu kubwa njiani. Ilipita ndani ya weivigaidi, yaani bomba la chuma la umbo la mstatili, tupu ndani. Letu lilikuwa la saizi ya WR-137: upana wa ndani milimita 34.85, kimo 15.80. Bomba hilo huungwa kipande kwa kipande, na kila kiungo ni flanji mbili zinazotazamana, bolti, na gasketi, yaani kipande chembamba cha mpira cha kuziba mwanya, katikati. Ndani tulijaza hewa kavu yenye presha kidogo ili unyevu usipate pa kuingilia. Ndiyo sababu ya povu la sabuni: hewa ikitoka, sabuni inatoa viputo.

Gasketi niliyoitoa ilikuwa imechoka. Ilikuwa ya rangi ya kijivujivu, imekatika kona moja, na pembeni yake alumini ya flanji ilikuwa imeota unga mweupe kama chumvi. Kwenye kabati la vipuri nikakuta nyingine, nyeusi, ya ukubwa uleule, matundu yake ya bolti yanalingana sawasawa. Mpira ni mpira, nikajisemea. Nikasugua ule unga, nikafuta kwa spiriti, nikafunga.

Kesho yake, tulipoirudisha kazini amplifaya kubwa inayokuza mawimbi ya kurusha, mapokezi yakaanza kuugua. Kurusha kukizimwa, skrini ya spektramu analaiza, chombo kinachochora nguvu ya mawimbi ya kila masafa, ni safi kabisa. Tukiwasha na kupandisha nguvu, mawimbi yote ya mapokezi yanashuka kwa pamoja, kama redio iliyopunguzwa sauti, na pembeni yake vinachomoza vijimwiba visivyokuwapo kwenye setilaiti. Maana yake ilikuwa wazi: kile kiamplifaya cha mapokezi kinachokaa nyuma ya dishi kilikuwa kinazidiwa. Kimetengenezwa kusikia mnong'ono. Mawimbi yanayokifikia yamesafiri kiasi cha kilomita 36,000, na nguvu ya kila moja haifiki sehemu moja ya trilioni ya wati. Sisi, kwenye dishi hilohilo, tulikuwa tunarusha wati 400.

Kinachokilinda ni filta iliyo mbele yake, ya kuzuia masafa ya kurusha, kwa hiyo siku mbili nzima tuliilaumu filta. Tukaifungua, tukaipima, tukafunga ya akiba. Hakuna kilichobadilika. Naeleza hili kwa sababu katika siku hizo mbili wazo la gasketi halikunijia hata mara moja. Nilikuwa nimeshaandika kwamba haivuji.

Aliyetuvusha alikuwa fundi mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliigeuza swichi ya weivigaidi ili nguvu yote iishie kwenye lodi ya majaribio mle chumbani, kifaa cha kuimeza nguvu, badala ya kwenda kwenye dishi, kisha akapandisha hadi wati 400. Mapokezi yakabaki safi.

"Amplifaya nzima," akasema. "Filta umeshabadilisha. Basi ni huko juu, baada ya swichi. Kijana, ni nani wa mwisho kugusa huko juu?"

"Ni mimi, Mzee."

Hakusema kitu. Alipunguza nguvu hadi wati chache, akachukua mita ya mionzi, akatangulia yeye kupanda. Mimi alinizuia chini mpaka aliponiita. Aliniambia baadaye kwamba mawimbi haya huwezi kuyaona wala kuyanusa, na kwamba jicho ni la kuogopea, kwa kuwa lenzi yake haina mishipa ya damu ya kuondoa joto. Kiwango cha kimataifa kwa wafanyakazi ni wati 50 kwa kila mita ya mraba; Mzee alikuwa hakaribii hata robo ya hicho bila sababu. Tangu siku ile nami sijapanda nyuma ya dishi linalorusha bila mita mkononi.

Chombo chake cha kutafutia kilikuwa kipande kifupi cha weivigaidi, mdomo wazi, kimeunganishwa kwa kebo kwenye analaiza. Akawa anakipitisha taratibu kando ya bomba, kiungo baada ya kiungo, mimi nikisoma skrini. Kiungo cha kwanza kimya. Cha pili kimya. Alipofika kwenye kiungo changu mstari ukaruka juu kwa takriban desibeli 40, yaani mara 10,000. Nikasoma namba kwa sauti, na sauti yenyewe ikanikauka.

Ndipo akanionyesha jambo ambalo sijawahi kulisahau. Alikisogeza kile kipande katikati ya upande mpana wa bomba: mstari ukapanda. Akakihamishia upande mwembamba: ukaanguka. Upande mpana tena: ukapanda. Wimbi linaposafiri ndani ya bomba, umeme unatembea kwenye kuta zake, kwenye ngozi ya chuma isiyozidi sana mikromita moja. Katika kuta mbili pana, umeme huo unakwenda kwa urefu wa bomba, kwa hiyo lazima uvuke kila kiungo. Katika kuta nyembamba unakwenda kwa kukingama, wala hauvuki. Gasketi yangu ilikuwa imeukata pale hasa unapovuka. Na ufa ulioachwa hapo kati ya flanji mbili ulikuwa na urefu wa milimita 34.85, wakati nusu ya urefu wa wimbi letu ilikuwa kama 24. Ufa mrefu kiasi hicho hautulii. Unarusha.

"Hii umetengeneza antena," Mzee akasema, polepole, bila ukali wowote.

Tulipozima kila kitu na kushuka, akaniomba gasketi zote mbili. Ile ya zamani nilikuwa bado nayo kwenye kisanduku cha vifaa. Akaiweka mezani, akaweka multimita kwenye kupima mwendelezo, yaani ilie umeme ukipita, akagusisha ncha mbili kwenye ule mpira wa kijivu. Ikalia. Mpira, na unalia! Akahamisha ncha kwenye ile nyeusi: kimya kabisa. Nikaomba nijaribu mwenyewe, na nikarudia mara tatu au nne kama mtoto.

Kumbe ile ya kijivu ilikuwa silikoni iliyojazwa chembechembe za shaba zilizopakwa fedha, nyingi kiasi kwamba zinagusana na kupitisha umeme. Akaikunja pale ilipokatika, nikaona ndani yake wavu mwembamba wa chuma. Wavu huo una kazi mbili: meno yake yanauma flanji na kupenya utando wa juu, na unauzuia mpira usitambae kuingia ndani ya bomba unapobanwa. Gasketi yangu nyeusi ilikuwa silikoni tupu. Kwa hewa ilikuwa imara kuliko ile iliyokatika. Kwa umeme ilikuwa ukuta.

Na ule unga mweupe? Hapo Mzee alikaa muda mrefu kuliko pengine pote. Fedha na alumini zikikutana penye unyevu zinakuwa betri, na anayeliwa ni alumini. Kwa hiyo hakutaka turudishe aina ileile. Kwenye kabati hilohilo, ndani ya mfuko uliofungwa, palikuwa na gasketi iliyojazwa chembe za alumini zilizopakwa fedha, ambazo zinapatana zaidi na flanji ya alumini. Tulisafisha nyuso hadi pale unga ulipokuwa umechimba, tukahakikisha hakuna rangi wala mabaki ya gundi, tukafunga bolti kwa mkato, moja hapa na ya upande wa pili, kidogo kidogo, kwa spana inayopima nguvu. Nje tukazungushia utepe wa kuzuia mvua.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akauliza, "Mawimbi yalitokea hapa. Yaliingilia wapi?" Kwenye flanji kati ya filta na kiamplifaya cha mapokezi, nusu mita tu kutoka pale, bolti mbili zilikuwa zimelegea. Tukabadilisha gasketi yake pia na kukaza.

Tukapandisha nguvu: wati 50, 100, 200, 400. Mstari wa mapokezi haukutikisika. Kile kipande cha kutafutia, kwenye kiungo changu, kilikuwa kimya kama kwenye vingine.

Jioni Mzee akafungua daftari kwenye ukurasa wangu na kunisogezea kalamu. Nilitaka kuyafuta yale maneno, akanizuia. Yalikuwa kweli, alisema, ila hayajakamilika. Nikaongeza neno moja, herufi zikiwa ndogo kuliko zile za mwanzo kwa sababu nafasi ilikuwa haba: "Haivuji hewa."