Siku moja maishani mwangu: kuchagua mtaala na vitabu vya binti yangu

Saa 11 alfajiri

Nasukuma mlango wa binti yangu taratibu nimsikilize anavyohema. Ana miaka 15 na ana selimundu, yaani sickle cell. Usiku wa baridi, au siku aliyosahau kunywa maji ya kutosha, maumivu humshika hadi ashindwe kusimama. Alianza Kidato cha Kwanza shuleni kama wenzake, lakini kila akitoka wodini anakuta darasa limeshahama mada. Tukakubaliana asome nyumbani.

Leo amelala vizuri. Namwekea jagi la maji kando ya kitanda, naandaa chai, na najiambia leo ndiyo leo: lazima tujue anasoma mtaala upi. Vitabu tunavyo vingi, vya kupewa na vya kuazima, na hakuna viwili vinavyofuatana.

Saa 1 asubuhi

Nafungua steshenari yangu hapa Kimara. Wateja wa kwanza ni wanafunzi, na wanachotaka karibu wote ni kimoja: mitihani iliyopita. "Anti, nitolee Fizikia ya Form Four, zote ulizonazo." Tangu niwe na duka hili sijaona mtu akija kuprinti muhtasari wa somo, ile karatasi inayosema mada zipi zinafundishwa na kwa kina gani. Wakati mashine imepoa natoa ya kwangu: Kemia, Baiolojia, Hisabati. Nazibandi kwa spairo. Kwa mzazi anayesomesha nyumbani hicho ndicho kitabu cha kwanza, na ni cha bei ya kopi tu.

Wengine huleta kitabu kizima wakitaka nikitoe kopi. Siku hizi nawaonyesha maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure. Wananinunia, lakini wanarudi.

Saa 3 asubuhi

Anaingia jirani ambaye wanawe wanasoma nyumbani kwa ACE, mfumo wa Kikristo ulioanzia Texas mwaka 1970. Hakuna kitabu kikubwa. Kila somo lina vijitabu 12 kwa mwaka, mtoto anajisomea, anajisahihisha, na hapandi kwenda kijitabu kingine mpaka apate asilimia 80 kwenye jaribio. Kwa mtoto anayelazwa wiki moja akarudi, huo mpangilio ni mtamu. Anaanza pale pale alipoachia.

"Sasa unangoja nini, mama?" ananiuliza.

Nangoja jibu la upande wa pili. Binti anataka kusomea ufamasia, na vyuo vya afya hapa nchini vikifungua cheti vinatafuta Kemia na Baiolojia kabla ya kuuliza jina lako. Cheti cha nje lazima kikafanyiwe ulinganifu Baraza la Mitihani (NECTA). Ushauri mwingi ninaousoma kuhusu kusomesha nyumbani umeandikwa na akina mama wa Marekani, ambako mzazi anaweza kuorodhesha mwenyewe masomo na alama za mwanawe, akaambatanisha matokeo ya SAT, mtihani wao wa kuombea chuo, na chuo kikampokea. Hebu nijaribu mimi kupeleka karatasi ya alama niliyoisaini mwenyewe. Karani angeita wenzake waje kuiona.

Kwa hiyo swali langu limebadilika. Siulizi tena kitabu gani kizuri. Nauliza atakalia mtihani gani.

Saa 4:30

Namwachia kijana wa dukani funguo, napanda mwendokasi, nashuka kituo cha DIT. Natembea Barabara ya Bibi Titi Mohamed hadi Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu hudhani pale ni pa wazee wanaojifunza kusoma, kumbe wana sekondari kwa njia huria. Hatua ya kwanza inabeba Kidato cha Kwanza na cha Pili, hatua ya pili inabeba cha Tatu na cha Nne.

Mama aliyenipokea ananieleza bila haraka. Mtoto ambaye hakupita Kidato cha Pili shuleni hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT. Akifaulu, ndipo anajisajili Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na namba yake itaanza na P badala ya S ya wanafunzi wa shule. Madaraja ya alama ni yale yale: A kuanzia 75, C kuanzia 45, na chini ya 30 ni F.

"Asikimbie," ananiambia. "Mtoto mgonjwa hasukumwi."

Saa 6 mchana

Maktaba Kuu. Nakaa mezani na vitabu vya Cambridge, mitihani ya Uingereza, maana njia hiyo nayo sitaki kuiacha kwa uvivu. IGCSE, mtihani wao unaolingana na Kidato cha Nne, ina misimu ya Mei na Juni, kisha Oktoba na Novemba. Mtoto akiugua msimu mmoja, mwingine hauko mbali. Kwenye sayansi kuna karatasi ya 6 inayopima vitendo kwa maandishi, kwa hiyo asiye na maabara hakwami. Kwetu hayo ni mambo makubwa. Lakini ada hulipwa kwa kila somo, na nikizidisha kwa masomo saba kalamu inakuwa nzito. Nafunga hesabu.

Saa 8 mchana

Vitabu vya mtumba, Posta, vimepangwa barabarani juu ya turubai. Hapa ndipo pesa za wazazi zinapotea. Muuzaji ananipa Hisabati ya IGCSE, jalada linang'aa. Nafungua ukurasa wa ndani: ni ya kabla ya 2025, mwaka ambao Cambridge walileta karatasi isiyoruhusu kikokotoo. Tena jalada linasema Core, ile ngazi ya chini, na anayefanya Core hata akipata yote haendi juu ya C.

Vitabu vya mtaala wetu navyo vina mtego wake. Mtaala mpya wa sekondari umekuja na Historia ya Tanzania na Maadili, na Elimu ya Biashara ikapewa uzito. Rundo kubwa pale chini ni la mtaala wa zamani.

"Mama, Kemia ni Kemia tu," muuzaji ananiambia.

Hajakosea sana. Nanunua Kemia moja ya Cambridge, kwenye jalada namba ya somo, 0620. Kaanzia elfu 25, tumemalizana elfu 15.

Saa 11 jioni

Binti yuko barazani, macho yake leo meupe, hayana umanjano. Nina kipimo changu cha kitabu: asome ukurasa mmoja kwa Kiingereza, afunge, anieleze kwa Kiswahili. Mtihani ataufanya kwa Kiingereza, lakini kama hawezi kunisimulia kwa lugha tunayogombania nayo chumvi, basi hajaelewa, amekariri. Tunachukua mada moja, kutenganisha michanganyiko, kwenye kitabu cha TET na kwenye hiki cha Posta.

Cha TET anakisimulia bila kusita. Cha Cambridge anakwama kwenye kromatografia, anarudia, halafu anainuka ghafla.

"Mama, peni za rangi zile za dukani zipo?"

Zipo. Anachora doa jeusi kwenye kipande cha karatasi ya chooni, anachovya ncha kwenye maji. Weusi unapanda, unaachana: bluu, zambarau, kidogo cha njano. Anapima kwa rula umbali uliopanda rangi, anaugawa kwa umbali uliopanda maji. Hilo cha TET hakikumtuma afanye leo.

"Hiki nakitaka," anasema, amekikumbatia.

"Utakuwa nacho. Ila mtihani ni wa NECTA."

"Na Biashara lazima?"

"Lazima."

Amenuna kidogo. Mtoto wa mwenye duka!

Saa 2 usiku

Baba yake anasoma karatasi yangu wakati wa kula. QT kwanza, kwa muhtasari na vitabu vya TET. Kidato cha Nne baadaye, mwaka ambao afya itaruhusu. Kemia ya Cambridge inabaki ya nyongeza. Kwa hesabu yangu fedha nyingi itaenda kwa mwalimu wa Hisabati wa kuja nyumbani, siyo kwa vitabu.

"Fizikia mbona hujaiandika?"

Sijaiandika kwa sababu binti haitaki, na mimi naona ataihitaji. Baba na binti wanaanza kubishana, nami naosha vyombo nikisikiliza. Hadi sasa baba anashindwa.