Boti ya baba mdogo Matema

Mwaka 2009, masika yalipokatika, tuliivuta boti ya baba mdogo mchangani Matema, wilayani Kyela, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na kuipandisha juu ya magogo. Yeye alitaka jambo dogo tu: ipakwe rangi upya, irudi ziwani kubeba vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, kutoka Ikombe, maana soko la Jumamosi halingoji mtu.

Fundi, mzee aliyejifunzia kazi Kilwa, aliipapasa. Buluu juu ya kijani, kijani juu ya nyekundu iliyopauka, na malengelenge kila mahali. Alitumbua moja kwa ukucha, maji yakachuruzika.

"Nikipaka juu ya hii, bwana, mwakani utaniita tena."

Jirani akaleta mtungi wa gesi ili tuibabue. Mzee akakataa katakata. Kwenye viungo vya mbao kuna kalafati, yaani pamba na lami ya kuzuia maji yasiingie. Moto ukipita, lami inayeyuka, pamba inaungua, boti inabaki chujio. Tena rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na moshi wake ni sumu. Hata msasa mkavu alikataza. Tulipiga msasa kwa maji, vitambaa puani, turubai chini ya kukinga maganda, watoto wakifukuzwa kila mara (na kila mara wakirudi).

Kazi kubwa ilikuwa ya skrepa, chuma cha kukwangulia rangi. Mzee aliinoa kwa tupa, akanionyesha: vuta kuja kwako, fuata nyuzi za mbao, ukifika kwenye kiungo inua mkono usije ukachomoa pamba. Penye mbao nzima ililia kavu, krr, krr. Karibu na ukingo wa juu sauti ikafifia, mara skrepa ikazama. Ubao ulikuwa mweusi, unanuka uyoga, umesitiriwa na rangi tu.

"Kwetu pwani chumvi inasaidia mbao, ila kuna wadudu wanaitoboa kutoka chini," alisema. "Huku maji hayana chumvi, adui yako ni mvua inayotuama humu ndani."

Kwa mvua za Kyela, nani abishe?

Baba mdogo alichomeka kidole kwenye lile tundu, akaguna, akauliza bei ya mninga. Pesa ya rangi yote ikaishia kwenye mbao. Kiangazi kile boti ilifanya kazi na praima, rangi ya kwanza ya chini, ya kijivu peke yake, na akina mama wa Ikombe hawakutuacha: "Mwanangu, boti yenu mbona iko uchi?" Huku wanapakia vyungu.