Nilivyopanga viendelezi vya Firefox kwa apt kwenye Debian

Kompyuta ninazozitunza zinatumia Debian, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, na kila moja ina watumiaji kadhaa wenye akaunti zao. Nilitaka wote wakute kivinjari cha Firefox kikiwa tayari na uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, na nilitaka pia msimamizi wa mashine yoyote aweze kukiondoa kiendelezi hicho bila kuvuruga kitu kingine. Debian hukiweka katika kifurushi chake chenyewe, webext-ublock-origin-firefox, ambacho kikishasakinishwa hupatikana kwa watumiaji wote na husasishwa na apt, programu ya Debian ya kusakinisha na kusasisha vifurushi, pamoja na mfumo mzima.

Kazi yote ilisimama juu ya aina tatu za uhusiano kati ya vifurushi. Kilichotajwa kwenye Depends ni cha lazima. Cha Recommends husakinishwa bila kuagizwa lakini kinaweza kukataliwa. Cha Suggests hutajwa tu, na uamuzi ni wako. Apt imekuwa ikisakinisha vya Recommends tangu toleo la Debian liitwalo Lenny la 2009, na wapo wanaoshauri, kwa nia njema ya kuokoa bando na nafasi ya diski, kuuzima utaratibu huo moja kwa moja kwa kuandika APT::Install-Recommends "false"; katika mipangilio ya apt. Sikubaliani nao. Kifurushi cha firefox-esr, yaani Firefox ya ESR, toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, kimeitaja libavcodec kwenye Recommends, na bila maktaba hiyo ya kusoma video na sauti, video za muundo wa H.264, ambazo ni nyingi mno mtandaoni, huenda zisicheze, na mtumiaji atadhani kivinjari ni kibovu. Mimi husoma kwanza majibu ya apt show, agizo linaloonyesha maelezo ya kifurushi, kisha hutumia --no-install-recommends kwa agizo lile tu ambalo nimeona mzigo wake hauna faida.

Baada ya hapo nilitengeneza kwa equivs, zana ya kuunda vifurushi vitupu, kifurushi kisicho na programu yoyote ndani yake, kinachotaja firefox-esr kwenye Depends, uBlock Origin kwenye Recommends na webext-privacy-badger, kiendelezi cha kuzuia wafuatiliaji, kwenye Suggests. Kama uBlock Origin ingekuwa kwenye Depends, kuiondoa kungeondoa na kifurushi changu. Ikiwa kwenye Recommends, msimamizi akiiondoa, apt hairudishi wakati wa kusasisha.

Kinachohitaji uangalizi zaidi ni kwamba kivinjari na viendelezi havisogei kwa mwendo mmoja. Firefox 57 iliachana na viendelezi vya XUL, vya mtindo wa zamani, mwaka 2017, na toleo la Debian liitwalo Stretch lilipopokea ESR 60 mwaka uliofuata, vifurushi vingi vya xul-ext, vyenye viendelezi hivyo vya zamani, vilikoma kufanya kazi. Ndiyo maana kila ESR mpya inapoingia huisasisha mashine moja kwanza, nikafungua about:addons, ukurasa wa viendelezi ndani ya Firefox, na kuhakikisha kuwa kiendelezi hakijazimwa, ndipo naziruhusu nyingine zifuate.