Nilivyoandika riwaya ya shambulio la virusi: kalenda kwanza, mshambulizi baadaye

Bomu likilipuka, msomaji analisikia ukurasa huohuo. Shambulio la vijidudu halina mlio. Mtu anatenda, anaondoka, analala, na wiki nzima inapita bila mgonjwa hata mmoja. Wengi wanaoandika riwaya za aina hii hulikwepa jambo hilo kwa kuwaangusha watu barabarani saa mbili baada ya tendo. Mimi niliamua kuujaza ule ukimya, kwa sababu ndimo mshambulizi mwenye nafsi mbili, anayelitilia shaka tendo lake mwenyewe, anamopata nafasi ya kuishi. Aliyetega bomu hana cha kurudisha likishalipuka. Aliyeeneza virusi ana siku kadhaa ambazo neno lake moja linaweza kuokoa watu, na kila siku anayonyamaza ina bei.

Kwa hiyo sikuanza na mhusika, nilianza na ugonjwa. Nilibuni virusi ambavyo havipo, nikaazima tabia za ndui kwa kuwa zimeandikwa kwa kina. Dalili huanza siku 7 hadi 19 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kati ya 10 na 14. Homa kali hutangulia, vipele hufuata baada ya siku mbili hadi nne. Aina yake kali iliua takribani wagonjwa watatu katika kila 10. Na kuna hili, ambalo ndilo uti wa mgongo wa kitabu: chanjo ikitolewa ndani ya siku tatu au nne tangu mtu aambukizwe, huweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali.

Ndui yenyewe sikuitaka. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba imetokomezwa, na virusi vilivyobaki vimehifadhiwa rasmi katika vituo viwili tu, kimoja Marekani na kingine Urusi. Ukiitumia, nusu ya kitabu inamezwa na swali la virusi vimetoka wapi. Kimeta nacho hakisambai kutoka mtu hadi mtu kama mafua, kwa hiyo hadithi yake hugeuka kuwa ya upelelezi mtupu. Ugonjwa wa kubuni unakupunguzia mzigo, ila unakudai nidhamu. Ukishaandika sheria zake, huna ruhusa ya kuzibadili eti kwa sababu sura ya 20 imepooza.

Jedwali nililolitumia lilikuwa na safu sita: mgonjwa, siku aliyoambukizwa, siku ya homa, siku aliyofika kwa daktari, watu aliowakaribia, na sura anamotokea. Nilianza na wagonjwa 40 wa kundi la kwanza, wote wameambukizwa siku ya sifuri. Kosa linalofanywa sana hapa ni kuwaangusha wote asubuhi moja. Miili haifanyi hivyo. Wawili walipata homa siku ya 8, wengi kati ya 10 na 14, wa mwisho siku ya 18. Ukichora idadi kwa siku unapata mlima mmoja unaopanda upesi na kushuka taratibu, na mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko akiuona anajua mara moja kwamba hawa wote walikutana na chanzo kimoja kwa wakati mmoja. Nikampa kila mgonjwa watu watatu anaowaambukiza. Wengi wa hao 120 hawaugui kabla ya siku ya 22 hivi. Majina hayazidi sita kwa msomaji; waliobaki wanakaa kwenye jedwali tu, kazi yao ni kumzuia mwandishi asidanganye.

Kisha nikaandika ukurasa mmoja niliouita bei ya kunyamaza. Mshambulizi akisema kabla ya siku ya 3, chanjo bado ina nguvu na huenda asife mtu. Akisema siku ya 8, kwa wale 40 muda umepita, na takribani 12 watakufa, lakini wale 120 bado wote wanaokoleka. Akisema siku ya 16, sehemu ya wale 120 nao wameshavuka muda wa chanjo. Akikaa kimya hadi siku ya 22, hesabu inaweza kufika watu 48. Sura zote za mshambulizi nilizipanga juu ya tarehe hizo nne. Majuto yake yakawa na tarakimu, na hapo yakaacha kuwa maneno matupu.

Maana hatari kubwa ya mhusika wa aina hii ni maneno. Anasimama dirishani, anaitazama mikono yake, anajiuliza amekuwa nani, na baada ya kurasa tatu msomaji amechoka. Mashaka hayana uzito hadi yamgharimu kitu. Mfano ulioniongoza ni wa kweli: Ikuo Hayashi, daktari wa upasuaji wa moyo aliyekuwa mfuasi wa Aum Shinrikyo, kundi la kidini la Japani. Mwezi Machi 1995 alitoboa mfuko wa sarini kwenye treni ya chini ya ardhi jijini Tokyo. Sarini ni kemikali, si kijidudu, lakini hapa nazungumzia mtu. Alisitasita, akajua kama tabibu kitakachowapata abiria waliokuwa mbele yake, na bado akatoboa. Baadaye alikiri kwa polisi, na kukiri huko kukachangia ahukumiwe kifungo cha maisha badala ya kifo. Kinachotisha kwake ni kwamba shaka ilikuwepo na haikuuzuia mkono. Ukilielewa hilo, hutaandika tena mshambulizi ambaye akishaanza kujuta tu amekuwa mwema.

Wangu nilimpa mambo matatu ya kufanya, si ya kusema. Kabla ya siku ya 3 anapiga simu bila kujitaja, anakata kabla ya kutamka jina la mahali. Simu hiyo inaingia kwenye rundo la vitisho vya uongo na hakuna anayeishughulikia. Siku ya 6 anamzuia dada yake asisafiri, bila kumweleza sababu, na huyo dada ndiye baadaye anayeunganisha mambo. Siku ya 11 anakwenda hospitali kuona kama kuna mgonjwa, anamkuta, anamsaidia kujaza fomu, anarudi nyumbani. Sura hiyo ya fomu ilipendwa na kila aliyesoma mswada, na haina hata sentensi moja ya majuto.

Sasa maabara. Virusi vilipatikanaje, vilikuzwaje, vilienezwaje: hayo sikuyaandika, wala sikuyatafuta. Kipimo changu kilikuwa rahisi. Sentensi ambayo ingemfaa mtu asiyeijali hadithi, inafutwa. Nafasi yake niliijaza kwa mwili na muda: jasho ndani ya glavu, mlio wa feni, saa ya ukutani inayochelewa dakika nne, mlinzi anayeuliza habari za watoto. Siku ya tendo ina aya mbili. Msomaji wa riwaya za kusisimua hahitaji njia ya kutengeneza, anahitaji kuamini kwamba mhusika anaijua, na hilo linajengwa kwa wepesi wa mikono yake na kwa mambo asiyojisumbua kuyaeleza.

Upande wa madaktari ndiko waandishi wengi hukimbia mno. Jibu la maabara linatoka baada ya saa moja, waziri anahutubia jioni. Uhalisia una ucheleweshaji ambao ni mtamu kuliko kasi. Mwaka 1984, katika mji wa The Dalles jimboni Oregon, Marekani, watu 751 waliugua baada ya wafuasi wa kundi la kidini la Rajneesh kuchafua vyakula vya migahawa kwa bakteria wa salmonela wakilenga uchaguzi wa eneo hilo. Wachunguzi wa afya walielemea kwanza kwenye usafi wa wahudumu wa chakula, na ukweli ulidhihirika mwaka uliofuata kundi lenyewe lilipogawanyika. Nikachukua somo hilo: daktari wangu wa kwanza anaandika tetekuwanga, wa pili mzio wa dawa. Wa tatu, muuguzi mzee, ndiye anayegundua kwamba vipele vyote viko katika hatua moja, na vimesongamana usoni na mikononi kuliko kifuani. Tetekuwanga haifanyi hivyo. Vipele vyake huja kwa mafungu, vingine vinachipuka huku vingine vinakauka.

Kutoka Sverdlovsk, ambako kimeta kilivuja kwenye kituo cha kijeshi mwaka 1979 na serikali ya Kisovieti ikasingizia nyama, nilichukua kitu kingine: wataalamu wa patholojia walioficha sampuli na maandishi yao hadi wakati wa kusema ulipofika. Mhusika wa namna hiyo anakupa mvutano bila kurusha risasi.

Mvutano mwingine uko kati ya polisi na watu wa afya, na hapo usiharakishe. Polisi wanataka siri ili mtuhumiwa asitoroke. Watu wa afya wanataka tangazo ili waliokaribiana na wagonjwa wajitokeze wachanjwe. Wote wana haki, na kila saa wanayobishana inaongeza mgonjwa kwenye jedwali. Niliwapa mkutano mmoja mrefu, siku ya 15, badala ya mikutano mitano mifupi.

Katika kusahihisha, nilichapa sura za mshambulizi peke yake na kuzisoma mfululizo. Mahali popote alipojieleza kwa zaidi ya mistari mitano nilikata, au nikageuza maelezo kuwa kitu anachofanya. Halafu nikapitia tarehe kwa kurudi nyuma, kutoka kifo cha mwisho hadi siku ya sifuri. Ukienda mbele hadithi inakuvuta huoni kitu. Ukirudi nyuma unamkuta mgonjwa aliyeambukizwa Jumanne na mtu ambaye, kwa jedwali lako mwenyewe, alizikwa Jumatatu.