Jua la saa sita, mzigo wa saa moja usiku

Wageni wakishuka garini na kutazama juu huuliza jambo moja: jua lote hili, mbona mapaa yenu hayana sola? Barazani nako wanauliza, ila huko wanaongeza na lawama kidogo. Mie ni fundi umeme, kazi yangu iko kwenye mahoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja, Zanzibar, kuanzia Bwejuu kushuka hadi Makunduchi. Jibu langu ni fupi mpaka watu wanadhani nawakwepa. Jua letu linakuja saa sita mchana, mzigo wetu unakuja saa moja usiku. Hawa wawili hawakutani.

Fuatisha siku ya hoteli utaniamini. Mchana wageni wako baharini, vyumba vimefungwa, eisi, yaani viyoyozi, zimezimwa. Jua likishakuchwa wanarudi na chumvi mwilini, kila mmoja anafungua maji ya moto, anawasha eisi, jikoni majiko yote yanawaka, taa za bustani zinawaka, mashine za kufulia zinaanza mashuka kwa sababu ndiyo saa mfanyakazi alipopata nafasi. Majumbani ni hivyo hivyo: taa, televisheni, feni, pasi ya nguo za skuli za kesho. Kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku kisiwa kizima kinavuta kwa pamoja, na paneli wakati huo ni kioo tu.

Kwa vijana waliozaliwa juzi, nieleze umeme wetu unatokea wapi. Tangu 1980 Unguja inapata umeme wa bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba. Uwezo wake ulikuwa megawati 45. Pemba walikaa na majenereta ya Wesha mpaka 2010, walipopata waya wao kutoka Tanga, kama kilomita 78 hivi, kwa msaada wa Norway. Waya wa Unguja ulipata hitilafu Mei 2008, tukakaa gizani karibu mwezi. Tukasema limepita. Desemba 2009 ukafa tena, na safari hii umeme haukurudi hadi Machi 2010.

Asiyekuwepo hatajua. Pampu za maji zilisimama, kwa hivyo shida ya kwanza ilikuwa ndoo, taa ikafuata. Wenye majokofu ya samaki waligawa samaki. Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu, kila duka liliweka jenereta mlangoni, na moshi ulikuwa hauna pa kutokea. Usiku ilikuwa mngurumo kutoka Malindi mpaka Shangani. Nilikuwa bado nafunzwa kazi na fundi mmoja wa mjini, tukizunguka kufunga majenereta mpaka usiku wa manane. Kwa mafundi, nisifiche, ilikuwa neema.

Mwaka 2013 ukalazwa waya mpya wa megawati 100 kwa fedha za Millennium Challenge Corporation ya Marekani, na giza la namna ile halijarudi. Lakini majenereta hayakuondoka. Nenda nyuma ya hoteli yoyote ya pwani, karibu na jalala, utakuta banda lenye mashine ya dizeli na mapipa yake. Msimu ukishachanganya, Julai na Agosti, umeme unakuwa mdogo ule wakati wa chakula cha usiku, eisi zinakataa kuwaka, na meneja anapiga simu: fundi, washa mashine.

Ndiyo maana nikimsikia mtu anasema Zanzibar ihamie kwenye nishati safi kwa kujaza paneli, namuuliza ihame kutoka wapi. Huko bara bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na yote imeshaanza kazi. Gesi ya Songosongo na Mnazi Bay bado iko, lakini umeme unaoingia Fumba leo una maji mengi ndani yake kuliko ule wa miaka kumi iliyopita. Moshi wetu sisi wenyewe uko kwingine: kwenye lile banda la dizeli, kwenye magari, na jikoni.

Nianze na banda. Bwana mmoja mwenye hoteli aliniita akasema, "Fundi, nifungie sola nyingi, nimechoka na bili." Nikamwambia, "Sheikh, kwanza nipe daftari la jenereta." Daftari likaonyesha nilichotarajia: mashine inakula dizeli kuanzia magharibi mpaka wageni wanapomaliza kula, na mchana haiguswi. Paneli bila betri zisingemgusia hiyo dizeli hata lita moja. Na betri za kubeba mzigo wote ule, nilipompa bei, alinyamaza akaagiza chai.

Tukaanza upande wa pili, kuuhamisha mzigo. Mashuka yakawa yanafuliwa asubuhi baada ya saa tatu. Pampu ya kisima ikafungiwa taima, tangi linajaa adhuhuri na usiku maji yanashuka yenyewe. Mashine ya barafu ikahamia mchana. Kisha zile heta za vyumbani. Lita 100 za maji kuzitoa nyuzi 27 kuzipeleka 55 ni uniti tatu na kidogo. Zidisha kwa vyumba, halafu kumbuka kwamba wote wanaoga saa ile ile. Tukazing'oa, tukaweka heta za jua juu ya dari ya zege: maji yanachemka mchana, tangi lina koti zito, saa mbili usiku bado yanaunguza mkono. Hii ni teknolojia ya zamani, haina mbwembwe, hakuna mtu anayepiga nayo picha, na kwa fedha iliyotumika hakuna kitu kilichopunguza mzigo wa jioni kama hicho.

Hapo ndipo paneli zikapata kazi. Kilowati moja hapa kwetu hutoa kama uniti nne kwa siku ya kawaida, pungufu zaidi wakati wa masika, na sasa mchana kulikuwa na dobi, pampu na barafu za kuzimeza. Ushauri mmoja kwa wenzangu mafundi: pwani hii usifunge bolti za chuma cha kawaida. Chumvi itazila hata mwaka haujaisha.

Zimebaki eisi, na hapa natakiwa nitibu kosa la wengine. Nyumba ya kizamani ya mji ina kuta nene za mawe na chokaa, madirisha yanapitisha upepo kutoka ukumbi hadi uani. Siku hizi anakuja mtu na ramani ya ghorofa ya vioo vinavyotazama magharibi. Hicho ni chungu kilichofunikwa, na mie naitwa kukipoza kwa umeme.

Kuna fundi mwenzangu aliyewahi kufanya kazi Denmark. Aliponieleza ya huko nikaona tunaweza kuiga kitu. Wadenmark wana upepo mwingi, Wanorway wana mabwawa, na tangu miaka ya 1970 kuna nyaya chini ya bahari kati yao. Upepo ukivuma, Norway inapokea umeme na kuacha maji yake bwawani. Upepo ukitulia, maji yanafunguliwa. Sasa sisi tuna jua, Rufiji wana maji, na waya upo. Kila uniti ya jua inayotumika Unguja mchana ni maji yaliyobaki bwawani yakingoja saa moja usiku. Betri ya namna hiyo hatukuinunua, na tunasahau kuihesabu. Kikwazo ni upana wa mlango: waya una ukomo wake, na jioni ndiyo saa unapobanwa. Kwa hivyo betri za kwetu tutazihitaji, ila si nyingi kama wauzaji wanavyosema.

Jikoni ni kugumu zaidi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nilimpelekea shangazi yangu Makunduchi presha ya umeme, nikamwonyesha maharage yanavyoiva bila kufika hata uniti moja. Aliipenda. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, na futari?"

Nikamwambia futari pia inapikika.

"Najua inapikika. Nakuuliza, umeme ukiondoka saa kumi na moja alasiri, muhogo uko nusu, nazi nimeshaitia, hawa watu nitawafuturisha nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Polo la makaa bado liko nyuma ya mlango wake, na sidhani kama semina yoyote italitoa. Maharage anayachemsha kwa presha mchana, futari iko kwenye makaa. Na hebu fikiria Ramadhani ambayo nyumba zote za Unguja zinapika futari kwa umeme kati ya alasiri na magharibi, jua linashuka, mahoteli nayo yanaanza kuamka. Anayepanga nishati ya visiwa hivi aitazame saa ile kwanza, kabla ya kitu chochote.

Watu huwacheka akina mama waliofunzwa ufundi wa sola pale chuo cha Barefoot, Kinyasini, ati wanafunga vipaneli vya taa tatu na simu. Mie siwacheki. Nyumba iliyotoka kwenye koroboi ikapata paneli ndogo na betri yake imelimaliza tatizo la saa kwa ukubwa wake: inakusanya mchana, inatumia usiku. Sisi wa mahoteli ndio bado tunahangaika.

Kinachonishangaza ni kwamba kwa mteja wa nyumbani kama mie, uniti ya tukuza, umeme wa kulipia kabla, ya saa saba mchana na ya saa mbili usiku ni bei moja. Mita haijali saa. Ingekuwa rahisi kidogo mchana, watu wangejipanga wenyewe bila kuhubiriwa: dobi, seremala, mwenye mashine ya kusaga, mwenye jokofu la samaki.

Nina kazi ya kumfungia taima muuza barafu mmoja hapa Jambiani, mashine yake ifanye kazi mchana na ilale jioni. Aliniuliza bili itashuka kiasi gani. Nimemwambia ukweli: kwa bei ya sasa haitashuka hata senti. Faida yake ni kompresa isiyoungua kwa umeme mdogo wa jioni, na anasema kwa hilo tu atanilipa.