Dawa Tano na Mpira Mmoja

Nimerudi kutoka zamu ya usiku na usingizi hauji. Nilipofika wodini jana, nilimkuta mwanafunzi wa uuguzi akiwa na dawa tano za mzee mmoja aliyepata kiharusi, ambaye hawezi kumeza na analishwa kwa mpira uliopitishwa puani hadi tumboni. Alikuwa tayari kuzitwanga zote pamoja na kuzikoroga ndani ya uji. Nilimwomba asubiri, kwa sababu miaka iliyopita mimi nilifanya vivyo hivyo.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilimpondea mama mmoja kidonge cha nifedipini, dawa ya shinikizo la damu, cha aina inayotoa dawa polepole, yaani kilichotengenezwa ili dozi yake igawanyike kwa saa nyingi, nami kwa mchi wangu nikaiachia yote kwa mara moja. Shinikizo lake la damu lilishuka, akatokwa na jasho jembamba, na tulipomwita akawa anaitika kwa shida. Daktari aliitwa, tukamwekea dripu, na kufikia alfajiri alikuwa amepata nafuu. Binti yake alinishika mikono akasema, "Asante sana, Sista, kwa kukesha na mama." Shukrani ile iliniuma mno, na kesho yake nilimweleza ukweli mbele ya msimamizi wangu. Tangu siku hiyo sijaweza kuona kuponda kidonge kuwa kazi ya mkono tu, kwa maana anayeponda anaweza kuwa anaibadilisha dawa yenyewe.

Kwa hiyo tulikaa na mwanafunzi yule tukazipitia dawa moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa vidonge vya kawaida, ambavyo huweza kusagwa laini na kuchanganywa na maji, kila kimoja peke yake. Ya tatu ilikuwa ile ile nifedipini; tulimpigia daktari wa zamu, naye akaibadilisha kuwa amlodipini, dawa nyingine ya shinikizo la damu ambayo huweza kusagwa. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ilituchukua muda zaidi, kwa sababu chembechembe zake zimevikwa ganda la kuzikinga na asidi ya tumbo: ukizisaga, asidi huiharibu dawa, na usipozisaga, huweza kuuziba mpira mwembamba. Hiyo tulimwachia mfamasia atafute ya aina nyingine. Ya mwisho ilikuwa fenitoini ya degedege, ambayo chakula cha kwenye mpira hupunguza kiasi chake kinachofika kwenye damu, ndiyo maana tulipanga chakula kisimamishwe saa 1 hadi 2 kabla na baada yake.

Kabla ya kupitisha chochote, tulivuta majimaji kidogo ya tumboni na kuyapima kwa karatasi ya asidi, tukitafuta pH (kipimo cha asidi) isiyozidi 5.5, dalili kwamba mpira uko tumboni. Wengi wetu tulifundishwa kusukuma hewa na kusikiliza kwa stethoskopu, lakini mlio huo unaweza kusikika hata mpira ukiwa umeingia kwenye mapafu. Tukamwinua mzee kichwa na kifua. Tulisafisha mpira kwa mililita 15 za maji kabla ya dawa ya kwanza, kati ya dawa na dawa, na baada ya ya mwisho, huku tukiyaandika kwenye chati, kwa kuwa mgonjwa wa moyo au figo huenda asistahimili maji mengi.

Jambo moja bado linanitia hofu. Yapo mabomba ya sindano maalumu ya kulishia ambayo hayawezi kuunganishwa na kanula, yaani kijirija cha kupitishia dawa mshipani, lakini wodini kwetu hatunayo, hivyo dawa ya tumboni na dawa ya mshipani hukaa kwenye mabomba yanayofanana kabisa. Nilimfundisha kuandika jina la dawa na njia yake kwenye bomba kabla hajalishika lingine, na nimeliandika ombi la mabomba hayo kwa mara nyingine kwenye kitabu cha mahitaji.

Kazi ile ilituchukua karibu dakika 40. Mzee alikuwa macho muda wote, akiufuata mkono wa mwanafunzi kwa macho kila bomba lilipobadilishwa. Nimeomba tupangwe pamoja tena usiku wa leo.