Banda la Mathenge

Mwaka 2020 Ziwa Baringo lilipofurika na kumeza boma letu kule Ng'ambo, tulihamia kipande cha babu kilicho juu kidogo, upande wa Marigat. Kilikuwa chetu, lakini aliyekikalia ni mathenge, mti wa miiba. Kuanzia mpakani hadi mpakani hukuona udongo.

Mti huu uliletwa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 utupatie kuni na kuzuia jangwa. Ulichofanya ni kuziba malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mifugo. Wazee wetu walipokwenda mahakamani Nairobi mwaka 2006 kuulalamikia mti huu, walimpeleka mbuzi kibogoyo awe ushahidi.

Mbuzi wetu walilala nje na fisi walikuwa wameshawajua. Pesa za nguzo hatukuwa nazo. Mjomba, ambaye ni fundi, alipotaja bei ya dukani, mama alimkatiza: "Ndugu yangu, miti imetuzingira hivi, nguzo za kununua ni za nini?"

"Hii imepinda yote, dada."

"Basi jenga kwa iliyopinda."

Kesho yake mjomba aliingia vichakani na panga, nami nikimfuata kwa upembo wa kuvutia matawi. Miiba ile haina mzaha. Mmoja ulipenya kandambili ya mdogo wangu na mguu ukavimba hadi akashindwa kuukanyagia, kwa hiyo tulipunguza matawi kwanza na kuyachoma kabla ya kugusa shina. Mjomba hakuhangaika kutafuta mti ulionyooka. Alitafuta panda, pale shina linapogawanyika mara mbili, akakata juu kidogo ya hapo. Nguzo ikisimama, boriti inalala ndani ya panda bila msumari hata mmoja. Nilimtazama akizungusha kila nguzo shimoni mpaka tumbo la nguzo, pale ilipopinda, likaelekea nje, zote upande mmoja, na ukuta ukakaa sawa machoni.

Ukikata shina unaona pembeni njano na katikati kahawia iliyokolea. Hiyo ya katikati ni ngumu ajabu. Ya njano ndiyo chakula cha bungua, mdudu anayetoboa mbao, ndiyo maana tulibandua gome siku hiyohiyo, tukaunguza sehemu ya kuzikwa hadi ikawa nyeusi. Fito tulizipigilia zikiwa mbichi, kwani zikikauka misumari inapinda.

Kazi iliyotuvunja migongo ilikuwa visiki. Mathenge ukiukata juu ya ardhi unarudi na machipukizi mengi kuliko mwanzo. Mama hakukubali tuondoke kwenye kisiki chochote kabla ya kuchimba na kukikata chini ya usawa wa udongo. Namuunga mkono mpaka leo. Wapo wanaosema tuutumie tu na utakwisha wenyewe. Wanasahau kwamba mbuzi mmoja akila maganda anazisambaza mbegu kwa kinyesi chake kila anakopita. Anayetaka nguzo na achimbe kisiki pia.

Mbuzi waliingia bandani kabla hatujaezeka upande wa pili. Majirani waliohama nasi walikuja kutikisa nguzo kwa mikono, wakamuuliza mjomba ana nafasi lini. Mama aliwajibu yeye: kwanza jiko lake, na panda za jiko alikwisha kuzichagua, ziko kando ya njia ya kisimani.